Kulwa na Doto chini ya Bonde la Ufa: jinsi wimbi la tetemeko linavyotuonyesha mpangilio wa miamba ya kina

Ukiitazama ramani, Bonde la Ufa halionekani kuwa na fumbo. Bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia kilicho mashariki, linajitenga na bamba la Nubia lililo magharibi kwa milimita chache kila mwaka, na vipimo vya GPS vinaonyesha kwamba mvutano huo, kwa ujumla, ni wa mashariki na magharibi. Mtu akikuuliza miamba ya moto iliyo kilomita 100 au 200 chini ya Naivasha inatiririka kuelekea wapi, utamjibu bila kusita kwamba inafuata mvutano huohuo. Wanajiofizikia wengi nao walianza na dhana hiyo. Vipimo vikaleta jibu jingine. Kuanzia Tanzania hadi Ethiopia, kisha ng'ambo ya Bahari ya Shamu hadi Uarabuni, mishale inayochorwa kuonyesha mpangilio wa miamba ya kina hicho inaelekea zaidi kaskazini au kaskazini-mashariki. Inalala sambamba na bonde badala ya kulikata.

Mishale hiyo inapatikanaje, wakati hakuna aliyewahi kuchimba hata kilomita 13 kwenda chini? Na kwa nini watu wanaokubaliana kabisa kuhusu mshale wanabishana miaka nenda miaka rudi kuhusu maana yake? Maswali haya mawili yana majibu tofauti, na ni vizuri kuyatenganisha tangu mwanzo, maana habari nyingi zinazoandikwa kuhusu "Afrika kupasuka" huyachanganya.

Tetemeko la ardhi hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya dunia. Wimbi la P hufika kwanza. Hilo husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kulekule linakokwenda. Wimbi la S hufika baadaye, nalo huutikisa mwamba kwa ubavu, yaani kwa kukingama na njia yake. Hapo kwenye ubavu ndipo penye mambo, kwa sababu wimbi linalopanda wima kuja chini ya miguu yako linaweza kukutikisa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, au kwa pembe yoyote iliyo kati ya hizo.

Sasa chukua mwamba ambao ugumu wake haulingani pande zote. Ndani yake, mtikisiko wa upande mmoja unasafiri haraka kuliko wa upande mwingine. Hali hiyo huitwa anisotropia. Wimbi la S likiingia humo haliwezi kubaki moja; linagawanyika na kuwa mawili. Wasukuma wana majina tayari kwa pacha, Kulwa anayetangulia na Doto anayefuata, na sioni kwa nini nisiyaazime. Kulwa anatikisika sambamba na upande mwepesi wa mwamba. Doto anatikisika kwa pembe mraba na mwenzake. Wanapita njia moja, kila mmoja kwa kasi yake, na kadiri tabaka hilo linavyokuwa nene ndivyo Doto anavyozidi kuachwa nyuma. Wakishatoka na kuingia kwenye mwamba wa kawaida wanakwenda sawa tena, lakini pengo walilopata haliondoki. Wanafika nalo hadi kwenye chombo cha kupimia.

Kwa hiyo kituo cha matetemeko kinaambulia mambo mawili tu: Kulwa alitikisika kuelekea wapi, na Doto alichelewa kwa muda gani. Mshale wa kwenye ramani hauna zaidi ya hayo. Uelekeo wake ni uelekeo wa Kulwa, na urefu wake ni uchelewaji wa Doto. Kusema kweli si mshale hata, maana hauna kichwa: kaskazini na kusini kwake ni kitu kimoja. Ni kijiti. Hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu watu hukisahau kijiti na kuanza kuona mto.

Fizikia yenyewe si ngeni. Mwaka 1669 Mdenmaki Rasmus Bartholin aliandika kuhusu fuwele angavu ya kalisaiti kutoka Iceland: ukiiweka juu ya maandishi, kila herufi inaonekana mbili. Nuru nayo hutikisika kwa ubavu, na ndani ya fuwele hiyo hugawanyika vilevile. Tofauti ni kwamba Bartholin aliweza kuigeuzageuza fuwele mkononi. Kenya haigeuziki. Inabidi kusubiri matetemeko yaje kutoka pande mbalimbali.

Upande mwepesi unatoka wapi

Chini ya ganda la dunia kuna koti la dunia, tabaka la mwamba linaloshuka hadi karibu kilomita 2,900. Ni mwamba mgumu, si uji wa moto kama picha za shuleni zinavyodokeza, lakini kwa joto na shinikizo la huko unajongea polepole sana, sentimita kadhaa kwa mwaka. Sehemu ya juu ya koti, hadi kina cha takriban kilomita 410, zaidi ya nusu yake ni madini ya kijani yaitwayo olivini. Fuwele moja ya olivini ina ubaguzi wa wazi: wimbi la P hupita ndani yake kwa karibu kilomita 9.9 kwa sekunde likifuata mhimili mmoja, na karibu 7.7 likifuata mwingine.

Fuwele zikiwa zimezagaa ovyo, ubaguzi huo unajifuta. Kila moja inavutia kwake na jumla inakuwa sifuri. Lakini koti likijongea kwa muda mrefu, fuwele zinajipanga. Kwa kawaida mhimili mwepesi unageuka na kulala sambamba na mkondo. Mkondo ukisimama na mwamba ukapoa chini ya takriban digrii 900 za Selsiasi, mpangilio unaganda na unaweza kudumu mamilioni ya miaka, kumbukumbu ya mwendo ambao haupo tena. Shika vizuri sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo itakayoleta ugomvi chini ya Tanzania.

Aliyeiona mapema picha hii kubwa alikuwa Harry Hess wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 1964 alionyesha kwamba mawimbi ya P yanayopita juu kabisa ya koti, chini ya Bahari ya Pasifiki, yana kasi tofauti kulingana na uelekeo, na kwamba uelekeo wa haraka ni ule ambao sakafu ya bahari ilipanukia. Wakati huo nadharia ya mabamba ya gandunia ilikuwa bado haijakamilika. Olivini ilikuwa imeshatoa ushahidi.

Hila ya kiini

Kuna tatizo dogo. Tuseme wimbi la S limefika Kilima Mbogo, karibu na Thika, kilipo kimoja cha vituo vya kudumu vya mtandao wa dunia wa kupima matetemeko. Limegawanyika. Unajuaje liligawanyikia hapa na si kule lilikotoka, chini ya Japani au Chile? Na unajuaje lilikuwa likitikisika vipi kabla ya kugawanyika?

Jibu ni moja kati ya mambo mazuri kuliko yote katika jiofizikia, kwa maoni yangu. Kiini cha nje cha dunia ni chuma kilichoyeyuka, na kimiminika hakipitishi mawimbi ya S. Wimbi la S likigonga mpaka wa kiini, sehemu ya nguvu yake inageuka kuwa wimbi la P na kuogelea ndani ya kiini. Likitokea upande wa pili linageuka tena kuwa S na kupanda juu. Safari hiyo huandikwa SKS, K ikiwa ni kipande cha ndani ya kiini. Wimbi la P halina ubavu, kwa hiyo kiini kinafuta kila kilichotokea upande wa tetemeko. Migawanyiko yote ya huko inasahauliwa. Zaidi ya hapo, wimbi la S linalozaliwa upya linapotoka kwenye kiini linatikisika katika sehemu moja tu inayojulikana mapema: kwenye bapa la wima linalounganisha tetemeko, kiini na kituo.

Sasa hesabu inakuwa rahisi. Unazungusha rekodi ya seismomita, chombo kinachopima mitikisiko ya ardhi, ili mhimili mmoja uelekee lilikotoka tetemeko na mwingine uwe wa kukingama nao. Kama miamba iliyo chini ya kituo haina ubaguzi, mhimili wa kukingama unapaswa kuwa mtulivu kabisa wakati SKS inafika. Ukiona umetikisika, kuna Kulwa na Doto. Na walizaliwa mahali fulani kati ya kiini na miguu yako, si kwingine.

SKS inasomeka vizuri tetemeko likiwa mbali, zaidi ya takriban digrii 85 za mzingo wa dunia, ambako huanza kuitangulia S ya kawaida. Kwa Afrika Mashariki maana yake ni kwamba matetemeko ya Japani, Papua Guinea Mpya, Peru na Chile yana faida kuliko ya jirani. Wimbi linapanda karibu wima, kwa hiyo linaelezea vizuri kilicho chini ya kituo chenyewe.

Mwanajiofizikia Lev Vinnik na wenzake walikuwa wameshatumia SKS kwa kazi hii mwaka 1984. Lakini makala ya Paul Silver na Winston Chan ya mwaka 1991 ndiyo iliyoifanya njia hii kuwa ya kila mtu. Wazo lao ni la kusahihisha kinyumenyume: jaribu kila pembe inayowezekana ya Kulwa na kila uchelewaji unaowezekana wa Doto, kwa kila jozi mrudishe Doto mahali pake, kisha angalia mhimili wa kukingama umebaki na mtikisiko kiasi gani. Jozi inayouzima kuliko zote ndiyo jibu. Kompyuta ya leo inamaliza kazi hiyo kwa tetemeko moja kabla hujavuta kiti.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kwenye rekodi utaona mapigo mawili yaliyoachana. Uchelewaji wa kawaida ni karibu sekunde 1, na SKS yenyewe huchukua sekunde 8 hadi 10 kupanda na kushuka mara moja. Kulwa na Doto wanafika wakiwa wamelaliana. Kinachowafichua ni kwamba ardhi, badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari, inachora duara lililobonyea. Juu ya hayo, mawimbi ya bahari yanaitikisa dunia muda wote kwa mapigo ya sekunde 5 hadi 8, karibu kabisa na yale tunayoyatafuta. Ndiyo maana matetemeko mengi hutupwa. Kituo kinaweza kukaa mwaka mzima kikarudi na vipimo vya kuhesabu kwa vidole.

Kuna pia vipimo tupu, ambapo mgawanyiko hauonekani. Wanaoanza huvidharau. Havimaanishi kwamba miamba haina mpangilio. Labda wimbi lilifika likiwa tayari linatikisika sambamba na Kulwa au na Doto, kwa hiyo hakukuwa na wa pili wa kuzaliwa. Au mkondo unapanda wima, na kwa wimbi linalopanda wima pande zote zinafanana. Kipimo tupu kutoka upande mmoja wa dunia na kipimo kizuri kutoka upande mwingine, kwenye kituo kilekile, ni jozi yenye thamani.

Sekunde moja ni kilomita ngapi

Chukua kasi ya S ya kilomita 4.6 kwa sekunde, na tofauti ya asilimia 4 kati ya Kulwa na Doto. Ili Doto achelewe sekunde 1 unahitaji tabaka lenye unene wa takriban kilomita 115. Ganda la dunia peke yake halitoshi. Kwa kawaida mchango wake ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Koti la chini, kwa kiasi kikubwa, halina ubaguzi, ukiacha kilomita mia chache za mwisho juu ya kiini. Kwa hiyo lawama inaangukia koti la juu.

Lakini hesabu hiyohiyo inakubali tofauti ya asilimia 2 katika kilomita 230, au asilimia 8 katika kilomita 58. Hapa ndipo udhaifu wa njia hii ulipo. Wimbi linalopanda wima linajumlisha kila kitu njiani na kukupa jumla bila mchanganuo. Kwa ramani ni hodari, linatofautisha maeneo yaliyo karibu. Kwa kina ni karibu kipofu. Yakiwepo matabaka mawili yenye mipangilio tofauti, Kulwa na Doto wa tabaka la chini wanagawanywa tena na la juu, na jibu linalotoka halifanani na lolote kati ya hayo mawili. Dalili yake ni kwamba jibu hubadilika kadiri upande lilikotoka tetemeko unavyobadilika, na mabadiliko hayo hujirudia kila digrii 90. Kuiona dalili hiyo kunahitaji matetemeko kutoka pande nyingi, na matetemeko hayachagui kutokea pale tunapoyahitaji.

Chini ya Bonde la Ufa

Kati ya 1994 na 1995 vituo vya muda takriban 20 viliwekwa Tanzania katika mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Nchini Kenya vipimo vilikuwa vimeshaanza. Makala moja ya mwaka 1997 ililinganisha bonde la Kenya na la Baikal kule Urusi na la Rio Grande kule Marekani. Chini ya Kenya Kulwa alilala kaskazini-kaskazini-mashariki, sambamba na bonde. Kwa aliyetarajia olivini ijipange kufuata mvutano wa mashariki na magharibi, jibu lilikuwa kinyume kabisa.

Maelezo ya kwanza ni magma. Miamba iliyoyeyuka ikijaza nyufa na vifuko vyembamba vilivyosimama wima na kujipanga kufuata bonde, vifuko hivyo vinamchelewesha Doto sana hata kama olivini yenyewe haijajipanga. Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka Ethiopia. Michael Kendall na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba chini ya bonde la kule mgawanyiko unakwenda pamoja na wingi wa magma, na kwamba uelekeo wa Kulwa unageuka ndani ya umbali mfupi ukitoka kingo za bonde kuingia katikati. Mgeuko wa ghafla namna hiyo hauwezi kutoka kina kirefu, kwa sababu wimbi lenye urefu wa makumi ya kilomita huyachanganya mambo ya kina. Kwa Ethiopia, hoja hii naiona ni ngumu kuitikisa.

Maelezo ya pili ni kumbukumbu iliyoganda. Bonde halikupasua mahali popote tu. Matawi yake mawili, la mashariki na la magharibi, yanazunguka kipande cha kale cha bara kilicho katikati ya Tanzania, chenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na tawi la mashariki linafuata kwa sehemu Ukanda wa Msumbiji, mshono wa kale ulioungwa mabara yalipogongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mshono huo nao unaelekea kaskazini na kusini. Kwa hiyo Kulwa anaweza kulala sambamba na bonde kwa sababu tu bonde na Kulwa wote wanafuata mshono uleule wa zamani! Kris Walker na wenzake, waliochambua data za Tanzania na Kenya mwaka 2004, hawakuridhika na sababu moja. Walizungumzia miamba ya kale, mkondo unaozunguka mzizi mnene wa bara la kale, na magma chini ya bonde, vyote kwa pamoja. Si jibu la kupendeza, lakini dunia haidaiwi urembo.

Maelezo ya tatu yanatazama mbali zaidi. Mwaka 2013 Brian Bagley na Andrew Nyblade walikusanya vipimo kuanzia Tanzania hadi Uarabuni na kuona mwelekeo wa kaskazini-mashariki ukijirudia katika eneo pana mno kuliko bonde lenyewe. Magma ya bonde haiwezi kufika huko kote. Walipendekeza mkondo mkubwa wa koti unaotokana na mwamba wa moto unaopanda kutoka karibu na kiini, chini ya kusini mwa Afrika, na kuegemea kaskazini-mashariki kadiri unavyopanda. Miaka 10 baadaye Tahiry Rajaonarison na wenzake, akiwemo Nyblade na Sarah Stamps wa Virginia Tech, waliujaribu mkondo huo kwenye kompyuta. Katika modeli yao, uzito wa milima na miinuko ya bara unatosha kulivuta ganda mashariki na magharibi, huku mkondo wa chini unaokwenda kaskazini ukizipanga olivini sambamba na bonde. Yaani mvutano wa juu na mtiririko wa chini vina injini mbili tofauti.

Modeli hiyo inavutia kwa sababu inaondoa ule mgongano wa mwanzo bila kuwakana waliopima GPS wala waliopima mawimbi. Lakini kumbuka kijiti hakina kichwa. SKS ingetoa jibu lilelile kama mkondo ungekuwa unakwenda kusini. Kaskazini imetoka kwenye picha za mawimbi zinazoonyesha mwamba wa moto ulipo, si kwenye mgawanyiko. Na hata ile kanuni kwamba olivini hulala na mkondo ina masharti: mwaka 2001 Haemyeong Jung na Shun-ichiro Karato walionyesha maabara kwamba olivini yenye maji mengi, chini ya msukumo mkubwa, hujipanga kwa kukingama na mkondo. Hilo lina uzito zaidi kule bamba moja linakozama chini ya jingine, kama Japani, kuliko kwetu.

Maelezo haya matatu yanaweza kutofautishwa, na si kwa mabishano. Kama ni magma, mgawanyiko upungue haraka ukitoka nje ya bonde. Kama ni mshono wa kale, ugeuke pale umri wa miamba unapobadilika hata mahali ambapo hakuna bonde. Kama ni mkondo mkubwa, uendelee mamia ya kilomita bila kujali kilicho juu. Kaskazini mwa Tanzania, kati ya Manyara na Natron, kuna nyongeza ya bahati: matetemeko ya huko hutokea hadi chini kabisa ya ganda, kina cha kilomita 30 na zaidi. Wimbi la S la tetemeko kama hilo linapita ganda peke yake, kwa hiyo mchango wa ganda unapimwa na kuondolewa kwenye hesabu ya SKS. Kinachobaki ni cha koti. Kwa kazi hiyo, mstari wa vituo unaolivuka bonde kutoka ukingo hadi ukingo na kuendelea mbali pande zote mbili una faida kuliko vituo maradufu vilivyorundikwa ndani ya bonde, kwa sababu ndani ya bonde maelezo yote matatu yanatabiri kijiti kilekile.